Msimu wa Korosho Huanzia Kwenye Kasha Tupu

Korosho ya Nanyamba au ya Kitaya, huko karibu na mto Ruvuma, ina safari fupi kufika Bandari ya Mtwara. Hata hivyo kwa misimu kadhaa sehemu kubwa ya korosho ghafi za kusini ilipakiwa kwenye malori, ikapita Lindi, ikavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ikaenda zaidi ya kilometa 550 kuifuata meli Dar es Salaam. Gati jipya la Mtwara lilikuwa tayari limesimama. Msimu wa 2023/24 ndipo mambo yalipogeuka na korosho zikaanza kutoka kwa wingi kupitia bandari iliyo mlangoni mwa mkulima. Wengi walisema gati limeanza kazi. Jibu hilo ni fupi mno, na tukiliamini litatuponza misimu ijayo.

Gati lenyewe halina lawama. Rais John Magufuli alizindua ujenzi wake Machi 2017, na kazi ikafanywa na kampuni mbili za Kichina. Lina urefu wa meta 300, likaongezwa kwenye lile la zamani la meta 385, na gharama yake ilifika takriban shilingi bilioni 157. Uwezo wa bandari uliokuwa tani 400,000 kwa mwaka ukakadiriwa kupanda hadi tani milioni moja. Mahali penyewe Mungu amepajalia: ghuba ina kina cha asili, na rasi ya Msangamkuu inaikinga na mawimbi ya bahari kuu.

Lakini Mtwara inajua tangu zamani maana ya gati lisilo na mzigo. Gati la kwanza lilijengwa kati ya 1948 na 1954 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ambao moja ya mashamba yake makuu lilikuwa Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka pwani kuelekea huko. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Gati likakamilika miaka mitatu baada ya mzigo wake kufa, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zege lilikuwa imara. Kilichokosekana ni kitu cha kupita juu yake. Anayetaka kujua kama bandari iko tayari kwa msimu asiishie kupima urefu wa gati. Aulize mzigo utafikaje, na utaondoka ndani ya nini.

Hilo la pili ndilo lililokuwa fundo la Mtwara. Korosho ghafi hufungwa katika magunia ya kilo 80. Kasha la futi 40 hubeba takriban tani 25, yaani magunia 310 hivi. Tani 200,000 zinataka makasha 8,000, nayo yafike matupu kabla ya kuondoka yamejaa. Yatoke wapi? Dar es Salaam haina shida hiyo, kwa kuwa makasha huingia kila siku na nguo, vipuri na friji. Yakishashushwa mzigo hubaki pale yakisubiri wa kuyajaza. Mtwara huagiza kidogo mno kwa makasha. Friji inayouzwa Masasi imeshukia Dar na kuja kwa lori. Kwa hiyo kasha la korosho lazima liletwe Mtwara kwa makusudi, likiwa tupu, kwa gharama ya kampuni ya meli ambayo hailipwi chochote kwa kubeba hewa.

Mwenye meli hakubali hasara hiyo mpaka ahakikishiwe mzigo wa kurudi nao. Mnunuzi kutoka India au Vietnam naye hawezi kumhakikishia, kwa sababu hajui atapata tani ngapi mpaka ashinde mnada, na minada huanza Oktoba. Meli hupangiwa safari wiki nyingi kabla. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake, na ikifika Novemba, ghala limejaa na mvua ziko njiani, mnunuzi alichukua njia anayoijua: lori hadi Dar.

Hapa ndipo ninapoutazama uamuzi wa 2023 kwa jicho la ufundi zaidi kuliko la siasa. Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Mtwara Septemba mwaka ule na msimamo ukawa kwamba korosho zipite bandari ya Mtwara, agizo halikuleta hata kasha moja. Lilichofanya ni kuondoa shaka. Kampuni ya meli ilipojua kwamba mlango wa Dar umefungwa kwa zao hili, hesabu yake ilibadilika: haijalishi tena nani atashinda mnada wa TANECU au wa MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, mzigo utatokea hapa tu. Makasha matupu yakawa na sababu ya kuja. Agizo la namna hii liliwahi kutolewa misimu ya nyuma na likalegea. Nguvu yake iko katika kudumu, kwa maana mwenye meli akihisi kwamba Desemba ruhusa ya malori itatolewa, Agosti hatapanga safari.

Kasha likishafika, kuna kazi ambayo mtu wa nje haioni. Korosho ni kitu hai. Hupumua na kutoa unyevu. Ikiingia kasha ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 10, joto la mchana na baridi ya usiku baharini hufanya maji yajikusanye kwenye paa la chuma na kudondokea magunia. Mzigo hufika Tuticorin, India, au Ho Chi Minh, Vietnam, ukiwa na ukungu, na jina la korosho ya Tanzania ndilo linaloumia. Ndiyo maana kuta za kasha hufunikwa karatasi nene, vifuko vya kunyonya unyevu hutundikwa ndani, na mzigo hufukizwa dawa ya wadudu kabla ya lakiri kufungwa. Kisha kasha lililojaa hupimwa uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama wa meli zinakataza kupakia kasha ambalo uzito wake halisi haujathibitishwa. Bandari yenye mizani moja tu inayofanya kazi itakuwa na foleni ya malori hata kama gati liko wazi.

Kisha kuna winchi. Kwa utaratibu wa Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, mtambo wa kunyanyulia mizigo bandarini hujaribiwa kabla ya kutumika mara ya kwanza, tena kwa vipindi vinavyopangwa na mamlaka husika, na hukaguliwa kwa kina angalau mara moja kila mwaka. Winchi ya tani 20 au pungufu hunyanyulishwa robo zaidi ya uwezo wake. Ya kati ya tani 20 na 50 huongezewa tani 5. Inayozidi hapo huongezewa asilimia 10. Mara nyingi uzito wa majaribio huwa mifuko mikubwa ya maji, kwa sababu maji hujazwa kidogo kidogo na mfuko ukipasuka hauvunji kitu. Mafundi wa milima ya theluji Ulaya hufuata mantiki hiyohiyo: katika majaribio ya uzito, viti vinavyopandisha watu mlimani kwa kamba ya chuma hupakiwa mapipa ya maji badala ya watu, breki zikajaribiwa vikiwa vimejaa, ndipo mteja wa kwanza aruhusiwe kukaa. Wao wana miezi michache ya theluji. Sisi tuna miezi michache ya korosho. Mtambo ukigoma Novemba, hakuna muda wa kusubiri kipuri kutoka ng'ambo, na kwa hiyo ukaguzi unapaswa kuwa umekwisha bandari ikiwa bado tulivu, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua.

Ufinyu wa muda huo una bei. Tanzania na Msumbiji huvuna wakati Afrika Magharibi haina korosho mpya. Kuanzia Februari mavuno ya Ivory Coast na majirani zake huanza kuingia sokoni, na ile nafasi ya kuwa karibu peke yetu huisha. Kila wiki ambayo magunia yanalala Mtwara yakingoja meli inaliwa kutoka kwenye nafasi hiyo. Anayepewa kazi ya kupanga meli za Oktoba hadi Januari ameshika sehemu ya bei ya mkulima wa Tandahimba, ingawa hawajuani.

Njia nyingine ni kupakia magunia moja kwa moja kwenye tumbo la meli, bila makasha. Njia hii inakata fundo la makasha matupu kwa pigo moja, na maghala ya meli hubeba maelfu ya tani kwa safari. Ila inadai makuli wengi, siku nyingi gatini, na mbingu kavu. Mvua ikinyesha, milango ya meli hufungwa na kila kitu kinasimama. Ni msaada mzuri wa Oktoba. Kuitegemea Desemba ni kujitafutia balaa.

Kinachonisumbua zaidi sasa ni makaa ya mawe. Makaa ya Mbinga yanapitia bandari hiyohiyo, na vumbi lake halina urafiki na chakula. Gunia la nyuzi halizuii vumbi. Serikali imepanga bandari ya Kisiwa Mgao kwa ajili ya makaa na saruji, na mpango huo ni sahihi kabisa. Kabla haujakamilika, meli ya makaa na meli ya korosho zisipangwe ubavu kwa ubavu siku moja, na gati lioshwe kati ya mzigo mmoja na mwingine hata kama kufanya hivyo kunaichelewesha meli ya makaa. Makaa hayana msimu, yanaweza kungoja.

Na hesabu imeshakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa 2023. Uzalishaji wa msimu wa 2024/25 ulipita tani 500,000. Kwa tani 25 kila kasha, hayo ni makasha 20,000 kwa msimu wa miezi minne, kama 160 kila siku bila kupumzika Jumapili. Bandari, Bodi ya Korosho, vyama vikuu na mawakala wa meli wakikutana Julai, bado wana muda wa kuyaitisha. Wakikutana Septemba, meli zitakuwa zimeshapangiwa kwingine.