“Kutarizi” na “Kufuma”: Maneno Mawili Yasichanganywe

Wafasiri wanaoandika habari za hariri ya China ya enzi za wafalme huelekea kutumia neno moja, kutarizi, kwa kazi mbili zisizofanana. Kosa hili laonekana dogo, lakini humpotosha mwanafunzi tangu hatua ya kwanza.

Kutarizi ni kupitisha sindano na uzi katika kitambaa kilichokwisha kufumwa. Kofia ya bulibuli ni mfano wetu wa karibu: kitambaa hutangulia, ua hufuata. Ndivyo wafanyavyo watarizi wa Suzhou kwa nyuzi za hariri. Kazi ya pili haina sindano. Mfumi hutanda mtande, kisha huupitisha mshindio wa kila rangi mahali pake tu na kuurudisha, bila kuuvusha upana wote wa kitambaa. Picha na kitambaa huzaliwa pamoja. Rangi mbili zinapokutana hubaki upenyo mwembamba. Ndiyo maana jina lake la Kichina huelezwa kuwa “hariri iliyokatwa”. Ufundi huo ulistawi katika enzi ya Song (960–1279), na miongoni mwa mabingwa wake alikuwa mwanamke, Zhu Kerou.

Mwalimu wa Kitangari aweza kuueleza kwa mfano wa nyumbani. Mchongaji wa Kimakonde habandiki sura juu ya mpingo. Sura na gogo ni kitu kimoja. Nakshi ya kubandika ni jambo jingine.

Je, tulikopeshe jina la Kichina, kesi? Hasha. Karani atakayesoma “kesi ya hariri” ataitafuta mahakamani. “Kufuma” peke yake nalo halitoshi, maana hata sweta hufumwa. Twapendekeza “ufumaji picha” kwa kazi ya mtande na mshindio, na “utarizi” ubaki kwa kazi ya sindano.

Wala tusidhani kwamba dhana hizi ni ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa Sofala walizifumua nguo za rangi kutoka Cambay, wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na uzi wao mweupe. Maneno mtande na mshindio tunayo tayari. Mfasiri na ayatumie kabla ya kubisha hodi kwa jirani.