Kani, Uzito na Lugha ya Maswali ya Fizikia

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, haifai tena kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hiyo. Kani, tungamo, mchapuko na msuguano ni istilahi zilizokwisha kuzoeleka kwa wataalamu. Lakini maswali ya fizikia hayaundwi kwa istilahi tupu. Mwanafunzi hupewa habari fupi: gari limefunga breki, nazi imeanguka, mtu amepanda lifti, naye hana budi kuzitambua kani zilizofichwa ndani ya habari hiyo. Upungufu ulio mkubwa zaidi umo katika sentensi hizo.

Lawama ya kwanza hutupiwa neno nguvu, kwa kuwa hubeba kani, nishati na uwezo wa mashine kwa pamoja. Lawama hiyo imetiwa chumvi. Newton, alipoandika Principia (1687) kwa Kilatini, alilitumia neno vis hata kwa ile tabia ya kitu kudumu katika hali yake, ambayo leo haihesabiwi kuwa kani. Na Helmholtz, mwaka 1847, aliita kwa neno la Kijerumani Kraft kile kiitwacho sasa nishati. Hakuna aliyezihukumu lugha hizo kuwa hazifai sayansi. Kani, kwa upande wake, ni uteuzi mwema. Ni neno la kale lenye maana ya nguvu na vile vile ya ubishi, na mbishi habishani pasipo wa kumbishia: ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kitu kisukumacho kingine nacho husukumwa kwa kadiri ile ile.

Tatizo zito ni uzito wenyewe. Sokoni uzito hupimwa kwa kilo. Katika fizikia kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito ni kani ya dunia kukivuta kitu, ipimwayo kwa nyutoni. Litazamwe swali la namna hii: mtu mwenye uzito wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayopanda kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, tafuta uzito wake. Neno moja limetwishwa kazi tatu. Tungamo ni kilo 60, wala halibadiliki. Kani ya dunia kumvuta ni 60 × 9.8, yaani nyutoni 588, nayo haibadiliki. Kinachobadilika ni kani ya mizani kumsukuma juu: 60 × (9.8 + 2), yaani nyutoni 708, na mizani iliyochorwa kwa kilo itaonyesha 72 na kidogo. Atakayejibu 588 atapata sifuri, ilhali mwenye kosa ni mtunga swali. Kuandika tungamo badala ya uzito hapo mwanzo hakutoshi. Aulize, mizani inamsukuma mtu huyu kwa kani gani? Kitenzi na viambishi vyake humtaja asukumaye na asukumwaye, jambo ambalo nomino uzito haliwezi.

Vitenzi navyo vyataka uangalifu. Nazi ikiachiwa kutoka mita 20, hufika chini baada ya sekunde 2 hivi, kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Lakini mtunzi akisema mkwezi ameiangua, haijulikani kama aliikata ikaanguka yenyewe au aliitupa, na kasi ya mwanzo ndiyo roho ya hesabu. (Neno mwendo halina nafuu: ni safari, ni umbali, ni kasi, na mwendokasi, tangu mwaka 2016, ni jina la mabasi ya Dar es Salaam.)

Imebaki kani ya meza kukibeba kitabu. Jina lake katika lugha kadhaa za Ulaya latokana na Kilatini norma, yaani guni la seremala. Mtafsiri asiyejua asili hiyo ataandika kani ya kawaida, na msomaji atajiuliza ipi isiyo ya kawaida. Kani wima nayo haifai, kwa kuwa juu ya mteremko kani hiyo huinama pamoja na ubao. Kani ya pembemraba ni ndefu kidogo, lakini hata fundi wa milango ataielewa.