Tangi la Vyura la Kinoru Halina Pa Kutolea Maji

Tangi la vyura la Kinoru, Meru, ambalo wengi wenu mmeshalitazama, limeharibikia chini kabisa: kioo cha sakafu hakina tundu la kutolea maji. Aliyelijenga ana mkono mzuri, na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) alikipata kabla hajaingiza chura hata mmoja. Lakini kwa hili alikosea.

Anasema biti ya almasi ya kutobolea kioo haipatikani Meru. Basi akamwaga kokoto, akatandika neti ya kivuli, akajaza mboji juu, akaamini kokoto zitamalizana na maji. Kokoto huyapa maji mahali pa kukaa tu, haziyaondoi. Yeye hunyunyiza asubuhi na jioni, na yote yanashukia palepale. Nilipoinama kuchungulia kioo cha mbele, maji yaliyofanana na chai ya rangi yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufika kwenye neti. Yakifika, mboji itayafyonza kurudi juu, mizizi itakosa hewa, na udongo utaoza. Chura naye hanywi kwa mdomo, hufyonza maji kwa ngozi ya tumbo. Kinyesi chake kikigeuka amonia, anakinywa.

Na hiyo biti si lazima! Chukua kipande cha bomba la shaba kwa fundi wa friji, na pesti ya kusagia valvu kwenye duka la spea. Funga bomba kwenye drili, tia pesti na maji, zungusha polepole, na kioo cha kawaida kitatoboka. Kile kigumu cha milango ya maduka usikiguse, kitapasuka chote. Nimesema miaka nenda miaka rudi kwamba tundu ndilo la kwanza, na bado vijana wanaanza na makangaga, sakafu wanaikumbuka mwisho.

Makangaga yake ni ya kitalu, si ya kung'oa msituni, na nzi wa matunda anawafuga kwa ndizi mbivu: safi. Silikoni pia ni ya kawaida, si ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu ambayo sitaacha kuipigia kelele.

Kwa kazi ya maji, mafundi ninaowaheshimu ni wa korongo la Kihansi, Tanzania. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, vyura wa manyunyu, ambao hawakujulikana kuishi kwingine duniani, walipoteza manyunyu yao. Mabomba yakalazwa korongoni. Maji yakashuka kwa mteremko bila pampu, yakanyunyiza, yakaenda zake. Vyura waliongezeka tena, hadi walipoporomoka ghafla mwaka 2003, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mbegu ilibaki kwa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Wengi walikufa kabla watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo hawajapatia maji na mwanga. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Mafundi na watunzaji hao wote walihangaikia maji kwanza.

La Kinoru bado linaokoleka. Vyura wahamishiwe kwenye ndoo safi yenye majani mabichi na kifuniko cha neti. Mboji ya kona ya nyuma ichimbwe, bomba la plastiki lenye matundu chini lisimamishwe hadi kwenye kokoto, kisha mrija upitishwe humo na maji yavutwe yote, leo, na baada ya hapo kila wiki.