Monasteri ya Batalha: Nyumba Bila Watawa

Wasafiri wengi wanaokwenda Batalha, katika inchi ya Ureno, husifu kwanza mlango wa Vikanisa Visivyokwisha. Jiwe limechongwa kama lasi. Lakini, wandugu, mlango ule wa mwaka 1509 wasema maneno mengi mno, na fasi yenyewe haikupata paa. Mvua hunyesha katikati yake hata leo.

Rudini kanisani. Upana wake wote ni metre 22 tu, na dari limepanda kupita metre 32. Nguzo ni nzito, hazina mapambo. Humo ustadi wa Gotiki watii sala. Mfalme João wa kwanza aliahidi nyumba hii kwa Bikira Maria kwa ajili ya vita vya Aljubarrota, mwaka 1385, kisha akawapa Wadominikano. Mjukuu wa mwana wake, João wa pili, amezikwa humo: ndiye aliyemtuma Diogo Cão, aliyefika penye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482. Mkongo atasimama pale kidogo.

Walakini mgeni huhesabiwa makaburi ya wafalme, wala haulizi wale watawa walikwenda wapi. Serikali ilivunja mashirika yao mwaka 1834. Katika chumba cha mkutano wao, chenye metre 19 kila upande bila nguzo hata moja katikati, walilala tangu 1921 askari wawili wasiojulikana: mmoja alikufa Flandre, mwenzake Afrika. Siku hizi askari hai ndio wanaokesha humo.