Mjomba wa Juliette

Mvua za Januari zikipiga bati huko Mbesa, wilayani Tunduru, mwalimu hata akipaza sauti, dawati la tatu halimsikii. Na huo ndio mwezi ambao Kidato cha Kwanza kinaanza. Watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, wengi wao wakizungumza Kiyao nyumbani, wanaambiwa kwamba kuanzia sasa baiolojia, jiografia na historia ni kwa Kiingereza. Mwalimu asiyeijua kazi hukaa akasubiri mvua ikatike. Anayeijua hugawa vitabu vichache vilivyopo, akaandika ubaoni swali moja, kisha akanyamaza. Si swali la kutaka kujua hadithi inahusu nini. Ni swali dogo lenye jibu moja lililojificha ukurasa wa nne: nani alilipa nauli? Kelele za bati zinaendelea na darasa linainamisha vichwa.

Ninachotaka kukisifu hapa ni ule unyamavu. Ufundi wa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya kijijini unapimwa, kwa maoni yangu, zaidi kwa yale anayoyazuia mdomoni kuliko yale anayoyasema. Kufafanua ni rahisi. Unasoma sentensi, unaitafsiri, unauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia kwa pamoja kwamba limeelewa, kipindi kinakwisha. Hakuna aliyesoma isipokuwa mwalimu. Miaka minne ya vipindi vya namna hiyo humzaa mtahiniwa anayejua kwa moyo dhamira zote za riwaya ambayo hajawahi kuishika mkononi. Kazipata kwenye madesa, kazikariri, na akitoka kwenye chumba cha mtihani anaziacha hapohapo mlangoni.

Tatizo la Kiingereza shuleni lina umri mkubwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, Waingereza wawili waliokuja kupima hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania, waliandika kwamba kiwango kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia uliwashwa upya na mpaka leo haujazimika. Ila kilichofuata kwenye madarasa kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ambao tangu mwaka 1987 ulisambaza shuleni vitabu vyepesi vya hadithi. Wazo lake naliona bado ni sahihi kuliko semina nyingi zilizokuja baadaye. Mtoto apewe vitabu vingi vilivyo chini kidogo ya uwezo wake, avimalize, ajione msomaji. Ndiyo maana vitabu kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala vimedumu katika vidato vya chini. Havimtishi mtu.

Tatizo ni kwamba vitabu hivyo huwa havitoshi, na hapo ndipo ubunifu unapoingia. Mwalimu ana nakala moja. Jioni ananakili aya moja kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, anaikata kwa wembe, sentensi moja ukanda mmoja, kisha anazichanganya. Kesho yake kila kundi linapewa mafungu yake na kazi ni kuzipanga. Wanaanza kwa kubahatisha. Halafu binti mmoja anashika ukanda unaoanza na kiwakilishi, anasema huu hauwezi kutangulia, huyu anayetajwa hapa ni nani kama bado hajaletwa? Mwenzake anabisha, anauhamisha. Wanaona sasa kwamba neno dogo la kuunganisha, lile walilokuwa wakiliruka, ndilo linaloshika mlango. Mwalimu anapita katikati ya madawati, anaona kundi moja limekosea, anapita.

Ipo pia imla ya mbio, na kwa zoezi hilo Mbesa haikosi kivuli cha mkorosho. Ukurasa unabandikwa nje kwenye shina. Wanafunzi wako wawiliwawili: mmoja anakimbia, anasoma, anarudi na sentensi kichwani, anamtajia mwenzake aandike. Anayesoma herufi kwa herufi hufika dawatini mikono mitupu, kwa sababu herufi hazibebeki. Maana ndiyo inayobebeka. Safari ya tatu au ya nne mtoto mwenyewe anagundua kwamba akielewa kwanza ndipo akakimbia, haisahau. Mwalimu wa chumba cha jirani atalalamikia kelele. Huyo atatulizwa kwa namna yake.

Lakini ladha yenyewe ya kazi hii iko kwenye tamthilia. Katika orodha ya vitabu vya fasihi vya Kidato cha Tatu na cha Nne, pamoja na Ngũgĩ na Soyinka na riwaya ya Severin Ndunguru juu ya Padri Mayer wa Masasi (na Masasi kwa mtu wa Tunduru ni ujirani), kimekuwamo kitabu chembamba cha Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, Three Suitors: One Husband, kilichoandikwa kwanza kwa Kifaransa. Juliette ni mwanafunzi wa sekondari aliyerudi kijijini likizo. Anakuta ukoo umekwisha kupokea faranga laki moja za mkulima Ndi, na sasa amekuja mtumishi wa serikali, Mbia, na laki mbili. Yeye anampenda Oko, kijana wa shule asiye na kitu. Basi anaziiba zile laki tatu na kumpa Oko, naye aje kumposa kwa fedha za wachumba wenzake.

Soma kitabu hicho kwa kufafanua, utapata kichwa cha habari kimoja cha kunakili: nafasi ya mwanamke katika jamii. Badala yake mwalimu anaweka kiti mbele ya darasa. Mwanafunzi mmoja anakikalia akiwa Atangana, baba yake Juliette, na wenzake wanamhoji. Wengine hukiita kiti moto, jina la mtaani la nyama ya nguruwe, ambalo kwa Wayao, wengi wao Waislamu, haliendi bila kicheko. Sheria ni moja: kila jibu lazima lionyeshewe mstari kitabuni, kwa Kiingereza. Kubishana wabishane kwa lugha wanayoiweza. Hapa najua nitapingwa na wenye vibao vya kukataza Kiswahili getini, lakini mtoto anayeogopa kufungua mdomo hajifunzi Kiingereza, anajifunza kukaa kimya.

Sasa, Wayao hufuata ukoo wa mama. Kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa wakwe, na katika mambo ya ndoa ya binti sauti kubwa ni ya mjomba wake, ndugu wa mama. Katika tamthilia wanaopokea na kuhesabu fedha ni upande wa baba: babu, baba, kaka. Kwa hiyo swali linalongojewa kwa hamu na mwalimu anayewajua wanafunzi wake halimo katika mwongozo wowote wa mtihani:

"Mzee Atangana, shikamoo. Mjomba wake Juliette yuko wapi?"

Aliyekalia kiti anafungua ukurasa wa majina ya wahusika. Anarudi nyuma. Anamtafuta Makrita, mama yake Juliette, apate kujua ana kaka au hana, na darasa zima linamsaidia kutafuta, kila mmoja kwa shauku ya kumshika mwenzake uongo. Wanakisoma kitabu mara ya pili bila kuagizwa. Mwalimu angeweza kuwaambia kwa sentensi moja kwamba desturi za Kamerun ya kusini si za bonde la Ruvuma. Anazuia.

Mtihani wa Kidato cha Nne, hata hivyo, haumwulizi mtu juu ya mjomba. Humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili, atoe hoja, azithibitishe kwa mifano. Jumatatu, kwa hiyo, ni zamu ya kazi kavu: kuandika aya tatu, kila moja na hoja yake na mfano wake, Juliette upande mmoja na Sidi wa Soyinka upande wa pili, mwanamke ambaye mwalimu Lakunle anamtaka bila kumlipia mahari. Na aliyeuliza habari za mjomba anaruhusiwa kuanza na huyo mjomba, mradi ataje ukurasa.