Damu Haipimwi kwa Mizani ya Hazina

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika mjadala wa adhabu ya kifo hutajwa sana hoja moja: adhabu hii ni ghali, basi na iondolewe. Hoja hii imepata nguvu Marekani, khasa katika jimbo la California. Mwaka 2011 Jaji Arthur Alarcón na Paula Mitchell walitoa utafiti ulioonesha kuwa tangu 1978 jimbo hilo lilikuwa limetumia kiasi cha dola bilioni 4, na waliouawa walikuwa 13 tu. Ukigawa, kila mmoja amegharimu zaidi ya dola milioni 300. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Tunachokihakiki ni hukumu inayojengwa juu yake.

Kwanza tujue fedha zimekwenda wapi. Kesi ya namna hii ina sehemu mbili: kama mtu ameua, kisha kama anastahiki kufa. Asiye na uwezo huwekewa wakili kwa fedha za umma. Rufaa ya kwanza ni lazima, na nyengine hufuata kwa miaka mingi. Kwa hesabu ya watafiti hao, gereza lilichukua kama bilioni 1. Zilizobaki ni za mahakamani. Yaani sehemu kubwa ya gharama ni bei ya kuhakikisha.

Hapo ndipo hoja inapomgeukia mwenye nayo. Ukisema adhabu ni mbaya kwa kuwa ni ghali, utajibiwa: basi tuifanye rahisi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa California waliletewa pendekezo la kuifuta ili kuokoa fedha, wakalikataa. Mwaka 2016 wakapitisha jengine la kuharakisha rufaa, likilenga zimalizike ndani ya miaka mitano. Na nchini humo watu wapatao 200 waliohukumiwa kufa tangu 1973 wamefutiwa hatia baadaye, wengi wao baada ya zaidi ya miaka mitano. Je, hao wangezikwa ili hazina ipate nafuu?

Wanavyuoni wetu hawakuanza na hazina. Walianza kwa kuuliza haki ni ya nani. Kisasi ni haki ya warithi wa aliyeuawa: wanaweza kukitaka, kusamehe au kupokea dia, na msingi wake umo katika Suratul-Baqara, aya ya 178. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisoma darsani, ameeleza kuwa akiwamo mtoto miongoni mwa warithi, hungojewa mpaka abaleghe, na muuaji hufungwa wala haachiwi kwa dhamana. Mtoto akiwa ananyonya, muuaji huenda akakaa gerezani miaka 15. Imamu Abu Hanifa amekhalifu, akaona wakubwa wanaweza kuchukua kisasi bila ya kumngoja mdogo. Lakini ikhtilafu yao ni juu ya haki yenyewe, si juu ya bei ya chakula cha mfungwa.

Na chakula hicho? Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 H. (798 M.), alimwandikia Khalifa Harun Rashid katika Kitabul-Kharaj kuwa wafungwa wasio na kitu wapewe posho na nguo kutoka Baitul-Mali, wasitembezwe na minyororo wakiomba. Gharama aliihesabu kuwa ni wajibu wa mtawala.

Kwetu, Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu 1994, ingawa mahakama zimeendelea kuhukumu. Tumewasikia watu hata misikitini wakisema: kwa nini tuwalishe wauaji kwa kodi zetu? Wanyongwe! Hoja hii na ile ya California ni ndugu wa tumbo moja, japo moja inataka kuua na nyengine kuacha. Zote mbili zinaitia roho ya mtu katika daftari la matumizi.

Basi imamu akiulizwa suala hili, asikimbilie kuhesabu. Aulize: ushahidi umethibiti? Masikini amepata wa kumtetea? Warithi wameulizwa? Pana shaka? Kwani kwa fuqaha walio wengi, shaka huondoa adhabu. Uhaba wa fedha hauthibitishi kosa wala haulifuti.

Wallahu aalam.