Mnyororo na breki yake: mbao za Walikale zinavyopasuliwa

Fundi anayeingia dukani Goma, mashariki mwa Kongo, kununua mnyororo wa kupasulia mbao hupima mambo mawili: bei, na kama mnyororo utakaa kwenye bamba la mashini yake. Yote mawili ni ya lazima. Lakini lipo la tatu, zito kuliko hayo, nalo ni kama breki ya mashini ile inaweza kuusimamisha mnyororo aliouchagua. Mnyororo na breki ni kifaa kimoja, na ni kosa kukinunua nusu nusu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mbao ngumu na pana, libuyu na mvule hasa, hutoka msituni, na msitu mkubwa uko Walikale. Vilima vingi vya Masisi vimekwisha kuwa malisho ya ng'ombe; miti ya huko mingi ni mikalitusi na grivilea za kupandwa. Njia ya kutoka Walikale hadi Goma ni matope, milima na vizuizi, na vita vimeifunga mara nyingi. Mapema mwaka 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji wa Masisi, kisha Goma, kisha mwezi Machi wakaingia Walikale kwa wiki mbili hivi. Gogo la tani nzima halivutwi katika njia ya namna hiyo. Mti hupasuliwa pale pale ulipoangukia, na mbao ndizo zinazosafiri, kwanza begani kwa mtu, kisha kwa gari. Nyumba nyingi za mbao zilizojengwa Goma juu ya mawe ya volkano, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, zilihitaji kazi ya mikono ya namna hii.

Gogo likishakatwa vipande kulingana na urefu wa mbao inayotakiwa, uzi uliochovywa katika mafuta machafu ya injini hunyooshwa juu yake, huvutwa, kisha huachiwa upige. Unabaki mstari mweusi. Mpasuaji huufuata kwa jicho na mkono. Hakuna reli wala fremu ya kuongoza mashini. Anaondoa mapande ya pembeni yenye maganda mpaka apate boriti ya pande nne, kisha anaipasua boriti hiyo ubao baada ya ubao. Akisimamisha bamba sana, unatoka unga. Akililaza sana kufuata nyuzi, zinatoka nyuzi ndefu zinazojaa chini ya kifuniko cha klachi na kuisonga mashini. Mpasuaji mzuri anaijua pembe iliyo katikati kwa sauti ya injini tu.

Sasa tuutazame mnyororo kwa karibu. Kila jino lina ukingo wa juu unaoinua mti na ukingo wa ubavuni unaokata nyuzi. Mbele ya jino kuna kijino butu ambacho hakikati chochote. Hicho ni kipimo: jino litazama kwenye mti kwa kadiri tu linavyokizidi kijino hicho kimo, na kimo hicho cha ziada ni kama milimita 0.65 hadi 0.8, kutegemea ukubwa wa mnyororo. Mnyororo unaokuja na mashini mpya kwa kawaida umenolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, kwa sababu umetengenezwa kukata mti kwa kuukingama. Katika kupasua, jino hukutana na ncha za nyuzi. Pembe ya digrii 30 hapo hulivuta jino pembeni, ubao hutoka na mawimbi, na petroli huisha kabla ya kazi. Mnyororo wa kupasulia hunolewa digrii 10 hivi. Asiyeupata dukani anaweza kuipunguza pembe ya mnyororo wa kawaida kidogo kidogo, kila anapopitisha tupa, mpaka ifike hapo. Ni njia ninayoipendelea kuliko kuukwangua wote siku moja, kwa sababu haili jino bure.

Kuna pia uchaguzi wa kona. Jino lenye kona kali hukata haraka kwenye mti safi, na huharibika haraka kwenye matope. Lenye kona ya mviringo huenda polepole kidogo lakini hushika makali muda mrefu. Kwa Walikale, ambako magogo yanalala kwenye udongo wenye maji, mimi ningechukua kona ya mviringo bila kusita. Mvule una shida ya ziada: ndani yake hujificha mawe ya chokaa ambayo hayaonekani kwa nje, na jino likigonga moja, makali yamekwenda.

Upana wa njia inayokatwa ni hasara isiyopigiwa hesabu vya kutosha. Mnyororo mkubwa wa mashini hizi hula karibu sentimita 1 kila unapopita. Chukua boriti ya sentimita 35 utoe mbao za sentimita 2.5: utapata mbao 10, na sentimita 9 nzima za libuyu zitabaki chini kama unga. Msumeno wa bendi unaokula milimita 3 ungetoa mbao 12 kutoka boriti ile ile. Ongeza mapande ya pembeni na mbao zilizokwenda upande, na utaona kwa nini upasuaji wa mkono mara nyingi hutoa mbao zenye ujazo wa kama thuluthi moja tu ya gogo.

Hapo ndipo kishawishi huanza. Ili kazi iende mbio, fundi huchukua tupa akakishusha kile kijino butu kupita kiasi. Mashini inang'ata kwa nguvu, unga unaruka, na kwa saa ya kwanza inaonekana kama amegundua siri. Alichofanya ni kuliruhusu jino lizame kuliko injini inavyoweza kulivuta. Ncha ya bamba, hasa robo yake ya juu, ikigusa mti au tawi, jino linakwama, na nguvu yote ya mnyororo inaligeuza bamba juu na nyuma, kuelekea uso na bega la aliyeishika. Inatokea kabla mtu hajawahi kuamua lolote.

Breki ipo kwa ajili ya dakika hiyo. Ngao iliyo mbele ya mpini wa juu ikisukumwa mbele na kifundo cha mkono, au ikijisukuma yenyewe kwa uzito wake mashini inaporuka, springi hufyatuka na mkanda wa chuma huibana ngoma ya klachi. Kiwango cha kimataifa kinataka mnyororo usimame kwa wastani usiozidi sekunde 0.12. Ni muda mfupi, lakini piga hesabu: mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, ukipungua mwendo sawasawa katika muda huo, bado unapita mita 1.2. Breki nzuri hupunguza jeraha. Haifuti kosa la kijino kilichoshushwa. Na mkanda ukiwa umelainishwa na mafuta na unga wa mti mbichi, hizo sekunde 0.12 hazipo tena.

Mashini nyingine hazina breki kabisa. Stihl 070, yenye injini ya sentimita za ujazo 105 hivi, imepasua mbao nyingi sana katika misitu ya Afrika kwa sababu ina nguvu na hutengenezeka kwa urahisi, lakini ni ya muundo wa zamani usio na breki ya mnyororo. Mwenye mashini hiyo hana ruhusa ya kukishusha kijino butu kupita kipimo chake hata kidogo.

Maseremala wa Marekani wanakutana na jambo hili hili, la breki kulingana na kinachokata, kwenye msumeno wa meza. Mashini za SawStop, zilizotokana na uvumbuzi wa Stephen Gass na kuanza kuuzwa mwaka 2004, huitambua ngozi ya mtu kwa umeme, husukuma kipande cha alumini ndani ya meno, na diski husimama ndani ya milisekunde 5 hivi. Anayetaka kuchimba mfereji mpana wa kuingiza rafu ya kabati hufunga seti ya diski kadhaa zilizobanwa pamoja, za inchi 8 badala ya 10. Breki ya diski moja haiifai seti hiyo. Lazima aweke breki iliyotengenezwa kwa ajili yake, na ahakikishe upana wa seti hauzidi ule mashini inaoruhusu. Kwa mbao mbichi za Walikale breki hiyo ingesumbua, maana unyevu mwingi hupitisha umeme na unaweza kuifyatua bila mtu kuguswa. Breki ya mnyororo husikiliza mwendo tu.

Masisi hesabu inabadilika. Mkalitusi ni mwembamba, na mashini ya wastani yenye breki, bamba fupi na mnyororo mdogo inatosha. Hatari yake ni nyingine: mti huo umejikaza ndani, na ukiupasua unaweza kujifunga na kulibana bamba, mashini ikamsukuma mtu nyuma. Kabari mbili za mti zilizopigwa nyuma ya bamba hufanya kazi ambayo breki haiwezi.

Kujaribu breki hakuhitaji kifaa. Zima injini, ivute ngao nyuma ili breki ifunguke, shika mpini wa nyuma peke yake, na uiache ncha ya bamba iangukie kisiki kutoka nusu mita hivi. Ngao inapaswa kufyatuka mbele yenyewe. Isipofyatuka, fungua kifuniko, safisha mkanda, tazama kama umelika, kisha jaribu tena kabla ya kuwasha.